Gharama ya Tiba Alipe Nani?

Matatizo ya zama zetu na njia za kuyapunguza: Sehemu ya tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza jinsi matatizo ya jamii, ya maadili na ya dunia yanavyozaliana, na kwa nini maazimio mengi mazuri huishia kabatini. Leo tuingie katika swali ambalo wapanga mipango hupenda kulikwepa: tiba ya tatizo ikishajulikana, gharama yake inamwangukia nani? Nitalijibu kwa kutazama pwani moja tu, ya Minago na Rumonge, kusini mwa Bujumbura, ambako milima ya Mumirwa huteremka hadi karibu na maji ya Ziwa Tanganyika. Katika ukanda huo mwembamba, matatizo ya aina zote tatu yamekutana.

Tuanze na ardhi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge, Nyanza-Lac na kwingineko kusini mwa Burundi, na Watutsi wengi wa maeneo hayo wakauawa. Serikali ya wakati ule ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Makadirio ya waliopoteza maisha huanzia watu laki moja na kupanda. Wakazi wengi wa pwani hii walikimbilia Tanzania, na baadaye wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma, baadhi ya mashamba yao yaligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitamka kwamba mkimbizi anayerudi apate mali yake, hasa ardhi. Na ikishindikana, alipwe fidia ya haki. Kati ya 2002 na 2009, wakimbizi wapatao nusu milioni walirejea Burundi. Wengi wa wale wa 1972 waliwakuta watu wamekaa katika mashamba ya baba zao kwa zaidi ya miaka thelathini. Wapo waliokuwa wamepewa na serikali yenyewe, na wapo waliokuwa wamenunua kwa nia njema.

Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB. Chini ya Padri Aster Kana, tume ilipendelea pande mbili zigawane shamba. Monsinyori Sérapion Bambonanire aliposhika uongozi mwaka 2011, msimamo ukageuka: shamba lote lirudi kwa aliyekimbia. Kila njia ilikuwa na hoja yake. Ya kwanza ilimtaka mrejeaji asamehe nusu ya haki yake; ya pili ilimtaka aliyekaa pale aondoke mikono mitupu, hata kama hakumnyang'anya mtu. Lakini tazama ni nani hakuguswa na njia zote mbili. Serikali ndiyo iliyogawa ardhi ya watu waliokuwa uhamishoni, na fidia iliyoahidiwa Arusha haikupata mfuko wa kutosha. Deni la dola likabaki kulipwa na wakulima wawili maskini, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ndiye mdaiwa. Uhasama uliofuata una mizizi yake hapo, kuliko katika ukabila ambao wengi hukimbilia kuutaja. Hata hivyo, kugawana kulikuwa na faida moja isiyodharaulika: kuliacha pande zote mbili na kinyongo, lakini pia na mahali pa kulima.

Sasa tugeukie ziwa. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003 jijini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Nchi hizo zimekubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki aina ya ndagala na mukeke wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Tanzania ilianza kulitekeleza hilo mwaka 2024. Ni tiba sahihi, maana kokoro na nyavu za macho madogo huzoa samaki wachanga kabla hawajataga hata mara moja.

Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa asiye na akiba. Mwenye chombo na injini anaweza kuwa na shamba la michikichi au duka mjini. Kibarua anayevuta nyavu usiku, mama anayeanika ndagala, kijana anayewabeba hadi sokoni, hao hula kilichopatikana jana. Wakifungiwa ziwa bila kufunguliwa mlango mwingine, wataingia majini gizani kwa chandarua, na hakuna doria itakayowamaliza.

Hapo ndipo maadili yanapoingia. Askari wa doria akipokea hongo, sheria haifi. Inabadilisha tu mtu wa kuibeba. Mwenye fedha anatoka chini ya mzigo, na asiye nazo anabebeshwa wote. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa ziwa hili kuwa eneo la umma. Kijiji kitaiheshimuje amri ya kuchoma makokoro, ikiwa majengo ya wenye uwezo yanaonekana wazi ndani ya mita hizo? Mahubiri dhidi ya rushwa yana kazi yake, lakini uadilifu wa raia hukua pale anapoona kwamba sheria imemgusa mkubwa kwanza.

Na zaidi ya wavuvi na wakubwa wa nchi, kuna dunia. Uhai wa Tanganyika hutegemea upepo wa kiangazi, unaoyasukuma maji ya juu na kuyapandisha ya chini yaliyojaa virutubisho. Maji ya juu yakizidi kupata joto hukaa kama kifuniko, na virutubisho hubaki vilindini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki, ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, kiasi cha kuweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma tabaka za tope la sakafu ya ziwa, ulionyesha kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kwa hiyo tusimtwike mvuvi wa Minago lawama yote. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Minago inakula janga ambalo si yenyewe wala wa kwao waliolichuma.

Tufanye nini? Pendekezo langu linatokana na kalenda yenyewe. Miezi ya kufunga ziwa ni miezi ya kiangazi, mvua ikiwa imekatika. Huo ndio wakati wa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko ya Mumirwa na kuandaa matete ya kupandwa mvua zikirudi. Tafiti zilizofanywa ziwani miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mahali tope la milimani linaporundikana, aina za viumbe hupungua. Basi vibarua wa ziwani walipwe ujira wa kuchimba mitaro hiyo katika miezi hiyo mitatu. Familia zitapata chakula, shamba la juu litabaki na udongo wake, na mazalio ya samaki yatapona.

Fedha zitoke wapi? Mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, mwaka 2022, uliridhia mfuko wa hasara na madhara kwa nchi zilizoathirika, na mwaka uliofuata Dubai ukazinduliwa. Burundi ni miongoni mwa nchi zinazochafua hewa kidogo kabisa kwa kila mtu, na ina haki ya kudai sehemu yake kwa ajili ya kazi kama hii. Nyumbani nako, orodha ya watakaolipwa isomwe hadharani kwenye kila kilima, mbele ya wazee waamuzi, Bashingantahe, na wawakilishi wa akina mama waanikaji, ili jina hewa lisipate pa kujificha.

Kabla ya kupitisha tiba yoyote, ya ardhi, ya ziwa au ya hewa, iulizwe kwanza: nani alinufaika na ugonjwa huu, na je, ndiye anayelipa? Pale jibu linapokuwa hapana, tuirudishe kwenye meza ya mipango, kwa maana tiba hiyo itazaa ugonjwa mwingine.

Sehemu ya nne itazungumzia malezi: namna nyumba, shule na nyumba za ibada zinavyoweza kumlea kijana atakayekuwa askari asiyepokea hongo.