Kijani Kimoja kwa Kisiwa Kizima

Fungua atlasi yoyote ya shule uitafute Unguja. Utaikuta kijani kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, kijani kile kile. Ng'ambo ya bahari ndiko rangi zinakochangamka: njano, kisha hudhurungi, mpaka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambacho wachoraji wengi hukipaka nyeupe.

Wanafunzi wengi hudhani kijani hicho ni miti. Sivyo. Kinachosemwa hapo ni kwamba ardhi iko chini, mara nyingi kati ya usawa wa bahari na mita 200. Ndiyo maana maweni ya Makunduchi, ambako jembe hugonga jiwe, yanapakwa rangi moja na mabonde ya mpunga ya Cheju. Hata Danakil ya Ethiopia, jangwa la chumvi lililo zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, kwenye ramani nyingi ni kijani kilichokolea. Mgeni akiiamini rangi, atakwenda bila maji.

Mtindo huu ni wa Ulaya ya karne ya 19. Franz von Hauslab wa Austria alitaka rangi izidi kukolea kadiri ardhi inavyopanda. Mjerumani Emil von Sydow, mtu wa atlasi za shule, akaipa tambarare kijani na milima hudhurungi, na huo ndio ulioshika hadi leo.

Kwetu una kasoro. Masingini, mgongo wa juu kabisa wa Unguja, haufiki mita 150, kwa hiyo ngazi moja ya rangi inakimeza kisiwa kizima. Sasa njoo Mwanakwerekwe, mtaa wa hapa Unguja. Masika yakikolea, maji hujikusanya kwenye bonde ambalo wenyeji wamezoea kuliita ziwa. Barabara imewahi kufunikwa, daladala zikazunguka kwingine. Nyumba ipi iingie maji na ipi isalimike, hilo huamuliwa na mita moja, pengine na urefu wa kizingiti tu. Atlasi haina rangi ya kizingiti.

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa kwa droni. Picha zinazopandana, zilizopigwa kutoka pembe tofauti, huiwezesha kompyuta kukokotoa urefu wa kila mahali, na hapo kila mita inaweza kupewa rangi yake. Ila bonde lisipakwe bluu, maana msomaji atadhani maji yameshaingia.

Kuna kazi nyingine. Droni huona paa, si sakafu. Mtaa uliobanana kama Mwanakwerekwe hutokea umeinuka kwa kimo cha mabati na miembe yake, kwa hiyo hivyo vyote lazima viondolewe kwanza kwa hesabu, kisha ndipo udongo upakwe rangi.