Safari ya Waridi Kutoka Thika Hadi Amsterdam

Kila siku magari yenye baridi ndani hutoka katika mashamba ya waridi ya Thika, Juja na Ruiru, yakielekea Kiwanja cha Ndege cha Jomo Kenyatta huko Embakasi. Mwendo huo haufiki kilomita 60. Kutoka hapo hadi Amsterdam, Uholanzi, penye mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer karibu yake, ni kama kilomita 6,700 kwa njia ya angani iliyo fupi kuliko zote.

Huenda mtu akafanya hesabu hivi: ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa, basi safari ni saa 7 na nusu. Hesabu hiyo si mbaya, lakini kwa kweli safari huchukua saa 8 hadi 9. Sababu ni tatu. Kwanza, ndege haina mwendo wake kamili ipandapo wala ishukapo. Pili, rubani hufuata njia alizopangiwa, nazo hupinda hapa na pale. Tatu ni upepo. Shirika la Kenya Airways lilipoanza safari za moja kwa moja baina ya Nairobi na New York, Oktoba 2018, kwenda kulipangiwa kama saa 15 na kurudi saa 14, kwa kuwa pepo za juu sana huvuma zaidi kutoka magharibi.

Jambo jingine ni saa za mahali. Saa za Uholanzi ziko nyuma ya zile za Kenya kwa saa 2 wakati wa baridi, na kwa saa 1 wakati wa joto. Ndege iondokayo Nairobi saa tano ya usiku mwezi wa Januari, ikisafiri saa 8 na nusu, hufika saa moja unusu asubuhi kwa saa za Thika. Lakini kule ni saa kumi na moja unusu, bado alfajiri.

Hesabu hizi si mchezo. Waridi likisha kukatwa, siku zake zimeanza kupungua, na joto huzila upesi. Aprili 2010 majivu ya mlima wa moto wa Iceland yalizuia ndege katika sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kama sita. Maua mengi ya Kenya yalitupwa, na vibarua wengi wakakosa kazi.

Kwa hiyo mkataji wa maua, dereva na rubani ni wenzi katika kazi moja. Saa iliyopotea juani kule Ruiru, hakuna ndege iwezayo kuirudisha. Wazee walisema kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.