Pima Udongo Kabla ya Kununua Mbolea ya Mboga

Mkulima wa sukuma wiki akiona majani yamekuwa manjano, jambo la kwanza ni kukimbilia duka la pembejeo na kuongeza mbolea. Wakati mwingine mboga huamka. Mara nyingine pesa huisha na majani hubaki vilevile, kwa sababu kilichopungua si ile mbolea aliyonunua. Kipimo cha udongo humwonyesha mkulima kinachokosekana kabla hajatoa pesa mfukoni.

Udongo wa kaunti yetu haufanani. Uwanda wa Kano una udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji na kupasuka wakati wa kiangazi. Kuelekea Maseno kuna udongo mwekundu ambao mara nyingi una asidi. Ushauri unaomfaa mkulima wa Ahero huenda usimfae wa Maseno, hata kama wote wanapanda nyanya.

Jambo la kwanza kuangalia kwenye majibu ya maabara ni kiwango cha asidi, yaani pH. Mboga nyingi hustawi kati ya 6.0 na 7.0. Ikishuka chini ya 5.5, udongo huifunga fosforasi na mizizi haiipati hata ukiongeza mbolea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye majibu. Ikumbukwe kwamba DAP ikitumiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi, na haina potasiamu ambayo nyanya huihitaji sana wakati wa kuzaa. CAN nayo ikizidi, nyanya hutoa majani mengi na matunda machache.

Jinsi ya kuchukua udongo:

1. Gawanya shamba ikiwa sehemu zake zinatofautiana kwa rangi, mteremko au mazao yaliyopandwa. Kila sehemu ipimwe peke yake.
2. Tembea kwa mtindo wa zigizaga na uchimbe mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Epuka kichuguu, njia, chini ya miti, palipolala ng'ombe na palipowekwa samadi.
3. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki. Usitumie ndoo au gunia lililobeba mbolea, kwani majibu yatapotoka.
4. Chukua nusu kilo, anika kivulini, kisha tia kwenye mfuko safi.
5. Andika jina lako, kijiji, wadi, tarehe na mboga unayotaka kupanda.

Usichukue udongo muda mfupi baada ya kuweka mbolea. Anayepanda mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi achukue udongo Desemba au Januari, maana majibu huchukua muda na chokaa huhitaji miezi miwili au mitatu kufanya kazi. Rudia kipimo kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Afisa wa kilimo wa wadi yako atakuelekeza kwenye maabara na kukusaidia kuyasoma majibu. Shirika la KALRO lina kituo hapa Kibos, na maabara zake kuu za udongo ziko Kabete, Nairobi. Uliza gharama kabla ya kupeleka udongo. Wakulima wa kikundi kimoja wanaweza kusafirisha mifuko yao pamoja ili kupunguza nauli.

Faida ya kipimo haiishii shambani. Mbolea isiyotumiwa na mimea husombwa na mvua hadi mito ya Nyando na Sondu Miriu, kisha hufika ziwani, ambako hulisha gugu maji linaloziba njia za wavuvi wetu. Mbolea ikitumika kwa kipimo, mkulima huokoa pesa na mvuvi hupata nafasi ya kupitisha mashua yake.

Kabla ya msimu ujao, anza na jembe na ndoo safi. Mbolea utainunua majibu yakishafika.