Kabla mpunga haujageuka ada: maswali ya mzazi anayetaka shule ya mtaala wa Uingereza nje ya nchi

Mwezi wa sita Ifakara hunukia pumba. Mashine za kukoboa hazilali, malori yanapanga foleni, na wakulima wa Bonde la Kilombero wanashika fedha waliyoisubiri tangu mvua za kwanza. Ni mwezi huo pia ambao mipango mikubwa ya familia huwekwa mezani: bati, kiwanja, trekta dogo, shule.

Chukua mfano wa baba na mama wenye binti wa darasa la saba. Baba ameona kwenye simu picha za shule moja ya kimataifa Nairobi: bwawa la kuogelea, maabara zinazong'aa, watoto wamevaa tai. Anamwonesha mwenzake.

“Mama watoto, huyu binti ana akili. Tukimwacha hapa tutajuta.”

Mama anaitazama picha, kisha anauliza swali moja tu: “Sawa baba, lakini akiumwa usiku, nani atakwenda kumwona?”

Swali hilo halimo kwenye picha. Na ndilo la kuanza nalo, kabla ya kuuliza bei.

Jina si mtaala

Neno “British” kwenye kibao cha shule halina mwenyewe. Yeyote anaweza kuliandika. Kinachoifanya shule iwe ya mtaala wa Uingereza ni kile inachofundisha na mitihani inayotahiniwa. Katika mfumo huo mtoto hufanya mtihani wa IGCSE akiwa na miaka kama 16, na A Level akiwa na miaka kama 18. Mitihani hiyo hutungwa na kusahihishwa na bodi kama Cambridge na Pearson Edexcel, na shule lazima iwe imesajiliwa na bodi husika kuwa kituo cha mitihani.

Kwa hiyo mzazi aombe mambo matatu kwa maandishi: namba ya kituo cha mitihani, matokeo ya miaka mitatu iliyopita kwa wanafunzi wote badala ya wale watano bora walio kwenye bango, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Wizara ya elimu ya Uingereza ina mpango wa ukaguzi wa shule za aina hiyo zilizo nje ya nchi yake, unaoitwa BSO. Lipo pia jumuiko la shule hizo, COBIS. Shule inaweza kuwa nzuri bila kuwa na vyote viwili, lakini isiyokubali kuonesha ripoti yoyote ya ukaguzi inajieleza yenyewe.

Mzazi asichanganye mfumo huu na ule wa IB. UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, na International School of Tanganyika ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1963, ni shule za kimataifa zinazofuata IB. Si mbaya, ila ni njia nyingine yenye cheti kingine.

Darasa la saba linaangukia wapi?

Hapa ndipo familia nyingi hushtuka. Shule za mtaala wa Uingereza humpanga mtoto kwanza kwa umri. Aliyeanza darasa la kwanza na miaka sita na kumaliza la saba akiwa na 13 huangukia mwaka wa 9. Mwaka unaofuata anaanza masomo ya IGCSE, ambayo huchukua miaka miwili. Maana yake ana takribani mwaka mmoja tu wa kuzoea Kiingereza cha darasani, hasa kama alisoma kwa Kiswahili.

Kalenda nazo hazilingani. Kwetu mwaka wa masomo huanza Januari. Kwao huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba, wakati wenzake wa huko wameshaingia darasani. Ama aingie Januari katikati ya mwaka, ama asubiri hadi Septemba nyingine. Miezi hiyo ya kusubiri si hasara ikitumika kwa Kiingereza na hesabu. Hasara ni kuigundua baada ya kulipa.

Hesabu ya magunia

Ada za shule hizi mara nyingi hutajwa kwa dola, pauni au shilingi za Kenya, na hulipwa mara tatu kwa mwaka. Mpunga huvunwa mara moja. Pengo hilo ndilo linalorudisha watoto nyumbani katikati ya muhula.

Tuseme ada na bweni ni dola 12,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, hivyo ada ingekuwa shilingi milioni 27.6. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600, na ada ileile ikawa zaidi ya milioni 31.2. Shule haijaongeza hata senti, lakini mzazi ameongezewa milioni 3.6. Akiuza gunia la kilo 100 la mchele kwa shilingi 200,000, hayo ni magunia 18 yaliyopotea kwenye kubadilisha fedha.

Na ada si yote. Kuna ada ya maombi, amana, sare, vitabu, bima ya afya, nauli za likizo, na ada za mitihani ambazo mara nyingi hulipwa peke yake. Mzazi aombe orodha ya malipo yote ya mwaka mmoja, azidishe kwa miaka iliyobaki hadi A Level, kisha aongeze kitu kwa ajili ya dola kupanda. Anayefikiria kwenda hadi Uingereza kwenyewe ajue kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za shule binafsi nchini humo zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20.

Kipimo kinachosaidia ni hiki: kama mafuriko yatachukua shamba msimu mmoja, mtoto ataweza kumaliza mwaka? Kama jibu ni hapana, akiba ya mwaka mzima ije kabla ya sare.

Karatasi za safari

Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa cha RITA, kisha pasi ya kusafiria kutoka Uhamiaji, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, kwa ridhaa ya wazazi. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini kukaa kule kama mwanafunzi kunahitaji kibali cha mwanafunzi. Shule makini huanza kushughulikia kibali hicho mapema. Mzazi aulize nani anakilipia na kinadumu muda gani.

Kwa Uingereza, mtoto wa miaka 4 hadi 17 huomba viza ya mwanafunzi mtoto, na hutolewa kwa shule binafsi za kulipia tu, zenye leseni ya kudhamini wanafunzi wa nje. Mwombaji kutoka Tanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita hupimwa pia kifua kikuu. Shule nyingi za bweni za kule hufunga mabweni katikati ya muhula, hivyo hudai mtoto awe na mlezi ndani ya Uingereza. Lipo shirika, AEGIS, linalokagua kampuni za ulezi wa namna hiyo. Binamu wa rafiki ambaye hajawahi kumwona mtoto si mlezi, hata kama anaishi London.

Homa ya likizo

Mzazi wa Kilombero ana jambo moja ambalo mzazi wa Nairobi hana. Bonde hili lina malaria, na si bure kwamba Taasisi ya Afya Ifakara imefanya hapa utafiti wa mbu kwa miongo mingi. Mtoto aliyekulia hapa hujenga kinga kiasi. Akikaa muda mrefu mahali pasipo na malaria, kinga hiyo hupungua.

Kwa hiyo mtoto anayerudi likizo asichukuliwe kuwa “mwenyeji, amezoea”. Alale ndani ya chandarua, na kabla ya safari mzazi amuulize daktari kuhusu dawa za kinga. Akirudi shuleni na kupata homa, hata wiki kadhaa baadaye, aseme mara moja kwamba ametoka eneo lenye malaria na aombe kupimwa. Daktari wa nchi baridi anaweza kudhani ni mafua. Sentensi hiyo moja, mtoto akiikariri, inaweza kuokoa maisha yake.

Bweni ni watu

Watoto wa bonde hili kwenda mbali kusoma si jambo geni. Kabla ya daraja la Kilombero, waliokwenda shule za Mahenge walivuka mto kwa kivuko na sanduku la bati, na wengi wakawa watu wazima wa maana. Tofauti ni kwamba mzazi angeweza kumfuata mtoto kwa siku moja au mbili bila pasi.

Mzazi atembelee shule watoto wakiwepo, si siku ya kukata utepe. Aone bweni, choo na chumba cha wagonjwa. Aulize: matroni mmoja analea watoto wangapi? Wafanyakazi huchunguzwaje kabla ya kuajiriwa? Mtoto akionewa anamwambia nani, na mzazi anajulishwa ndani ya muda gani? Anapiga simu nyumbani mara ngapi, na je, anapiga bila mtu kusimama pembeni? Kisha aombe kuzungumza na mzazi mwingine kutoka Tanzania ambaye mtoto wake yupo pale.

Lugha nayo isisahaulike. Cambridge ina somo la Kiswahili katika IGCSE. Mzazi aulize kama shule inalifundisha. Mtoto asiyeweza kuongea na bibi yake amepoteza kitu ambacho cheti hakirudishi.

Si lazima kuvuka mpaka

Kenya ina shule za bweni za siku nyingi, kama St Andrew's ya Turi iliyoanzishwa mwaka 1931. Lakini mtaala wa Uingereza upo pia ndani ya nchi: Arusha zipo St Constantine's na Braeburn, na Iringa ipo shule ya kimataifa isiyo mbali sana na mzazi wa Ifakara. Huko hakuna kibali cha ukaaji, na mtoto akiumwa mama anapanda basi.

Ipo na njia ya tatu: mtoto amalize kidato cha nne hapa nyumbani, kisha aende kwa miaka miwili ya A Level tu. Wazazi wanalipa miaka miwili badala ya mitano, na anayeondoka ana miaka 16 au 17, anayejua kudai haki yake. Akitaka kurudi chuo kikuu cha Tanzania na vyeti vya nje, atahitaji ulinganisho wa vyeti unaofanywa na NECTA, na masomo aliyochagua lazima yaendane na kozi anayoitaka. Hilo huulizwa kabla ya kuchagua masomo, si baada ya matokeo.

Aulizwe na yeye

Turudi kwenye ile familia ya mfano. Baba ana haki ya kumtakia binti yake makubwa. Mama ana haki ya kuuliza nani atakwenda usiku. Wote wawili wanasema jambo moja kwa midomo miwili.

Aliyebaki kuulizwa ni binti mwenyewe, na asiulizwe mbele ya wageni wala akiwa ameoneshwa bwawa la kuogelea. Aulizwe jikoni, mikono ikiwa kwenye mchele, wakati hakuna anayemtazama usoni. Akisema anataka kwenda, asikilizwe kwa nini. Akisema anaogopa, aulizwe anaogopa nini. Mara nyingi hofu ya mtoto ni swali zuri ambalo shule inapaswa kulijibu.

Magunia yatauzwa, na mwakani mungu akipenda yatavunwa mengine. Utoto wake hauna msimu wa pili.