Makabaila chini ya Nyiragongo: wa kwanza, mdogo kuliko wote, na siku mbaya kupita zote

Hapa Goma mtu akitaka kukujua haulizi jina lako tu. Anauliza umetoka kijiji gani, baba yako ni mtoto wa nani, na mama yako ametoka kwa akina nani. Makabaila wa Ulaya nao huulizana hivyo hivyo, ila wao majibu wameyaweka kwenye vitabu kwa mamia ya miaka. Na baadhi ya koo zao, kwa njia moja au nyingine, zimeacha alama kwenye mawe haya meusi tunayojengea nyumba.

Wa kwanza ni Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani mwenye cheo cha Graf. Mwaka 1894 aliivuka Rwanda, akaonana na mwami Kigeli IV Rwabugiri, akapanda volkano ya Nyiragongo, kisha akateremka hadi Ziwa Kivu. Katika orodha za Wazungu yeye ndiye wa kwanza. Waliokuwa wakivua samaki ziwani siku ile hawakuingizwa kwenye orodha yoyote. Mlima aliopanda una rekodi yake wenyewe: tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na lava ile inahesabiwa kuwa miongoni mwa zilizokimbia kasi zaidi duniani. Götzen baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni katika zamu yake uasi wa Maji Maji ulizimwa kwa damu. Jina la ukoo wake lilipewa meli ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe. Ilipoibuliwa, mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Graf amesahaulika, Liemba inajulikana hadi leo.

Rekodi ya aibu ni ya Wilhelm, mtoto wa mfalme Gustaf V wa Sweden. Alikuja kwenye milima ya Virunga mwaka 1921 kuwinda, na msafara wake ukaua sokwe wakubwa wa milimani 14. Sensa iliyotangazwa mwaka 2018 ilihesabu 604 tu katika safu yote ya Virunga, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Miaka minne baada ya bunduki hizo, mfalme Albert I wa Ubelgiji alitia saini kinyume chake. Tarehe 21 Aprili 1925 ilianzishwa hifadhi iliyopewa jina lake, ndiyo Virunga ya leo, hifadhi ya taifa ya kwanza kabisa barani Afrika. Kruger ya Afrika Kusini ilifuata mwaka 1926. (Watu wa Kruger wana hoja zao kuhusu nani mkongwe. Sisi wa Kivu tumeshahukumu.)

Sasa tufike kwenye ukoo ninaoupenda zaidi kuusimulia. Emmanuel de Merode, Mbelgiji aliyezaliwa Tunisia mwaka 1970, aliteuliwa na serikali ya Kongo kuwa mkurugenzi wa Virunga mwaka 2008. Cheo chake cha kuzaliwa hutafsiriwa “mwanamfalme”, na tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu baba yake hakuwa mfalme. Ni daraja la ukabaila tu. Lakini ukoo wenyewe si haba. Frédéric de Merode alijeruhiwa vitani Berchem katika mapinduzi ya 1830 yaliyozaa nchi ya Ubelgiji, akafa siku chache baadaye. Ndugu yake Félix alikaa katika serikali ya muda ya mapinduzi hayo. Antoinette, binti wa ndugu yao mwingine, aliolewa Monaco na Charles III, yule ambaye Monte Carlo ina jina lake, akamzaa Albert I wa Monaco, mtawala aliyependa kuchunguza bahari kuliko kukaa kitini.

Haya yote ni ya juzi ukilinganisha na ukweni. Emmanuel alimwoa Louise Leakey wa Kenya. Bibi yake Louise, Mary Leakey, ndiye aliyeokota fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, kule Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kwa akina de Merode wanahesabu karne. Kwa akina Leakey karne ni chenji. Louise mwenyewe ana rekodi ya udogo: mwaka 1977, akiwa na miaka mitano, anatajwa kuwa mtu mdogo kuliko wote kuwahi kugundua kisukuku cha jamii ya nyani wakubwa na binadamu. Na babu yake, Louis Leakey, ndiye aliyemtuma mtafiti Dian Fossey kwa sokwe wa milimani. Fossey alianzia Kabara, upande wetu wa Kongo, Januari 1967, kabla ya vita kumfukuzia Rwanda. Kwa hiyo mkwe wa ukoo alipokabidhiwa Virunga, alikabidhiwa msitu ambao babu wa mkewe alishautia mkono.

Ukoo haukingi risasi. Tarehe 15 Aprili 2014, akitoka Goma peke yake kwenda Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, de Merode alipigwa kifuani na tumboni. Waliomwokoa walikuwa watu wa kawaida wapita njia, na sehemu ya safari ya kurudi hospitali Goma alibebwa kwa pikipiki. Alipona, akarudi kazini.

Wengine hawakurudi. Siku mbaya kupita zote katika historia ya hifadhi hii ni tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo: walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne waliuawa katika shambulio moja. Tangu hifadhi ianzishwe, walinzi waliokufa kazini wamepita 200. Hakuna anayechora mti wa ukoo wao. Wajane wao wana karakana ya cherehani pale pale Rumangabo.