Kilima Kinachoona Kakamega

Mtangazaji akisoma masafa ya kituo chake, utamsikia akipanga majina: Kisumu, Webuye, Eldoret. Wengi hudhani anataja miji. Sisi mafundi husikia vilima, maana kila jina ni pahali mlingoti uliposimama, na mji wa jirani umeazimwa jina tu. Ndiyo sababu mtu aliyeketi sokoni Kakamega anaweza kuvuta stesheni yake kwa namba ya Webuye.

Shika barabara ya Malava uelekee kaskazini. Ukuta wa Nandi utakuandama mkono wa kulia hadi ufike vilima vya Chetambe, juu ya mji wa Webuye. Kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 37 kutoka Kakamega.

Mawimbi ya FM, yale ya megahezi 88 hadi 108, yana tabia za mwanga: hayapendi kukunja kona. Ukitaka kujua yatafika wapi, chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, jibu ni kilomita. (Mstari ulionyooka kabisa hupata 3.57 tu; ziada inatokana na hewa, ambayo huinamisha mawimbi ya redio kidogo yafuate mviringo wa dunia.) Mlingoti wa mita 50 uliosimikwa uwandani hufika kilomita 29, kwa hiyo Kakamega inakosa. Upandishe uleule kwenye mwinuko wa mita 200, unapata kilomita 65. Chuma hakijaongezeka hata ratili. Ni gari tu lililopanda mlima. Lakini aliye bondeni, nyuma ya kilima kingine, atasikia mikwaruzo hata akiwa karibu.

Hesabu hii ilikuwa na wenyewe kabla ya redio. Chetambe palikuwa na ngome ya udongo, imezungushiwa handaki, na jina lake ni la Chetambe wa Ifile, Mtachoni. Mwaka 1895, eneo hili likiwa bado chini ya Uganda, Wabukusu walipigana humo na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Charles Hobley kutoka Mumias, likiwa na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiafrika. Waliokuwa juu walimwona adui akija toka mbali. Kuona hakukutosha: bunduki ya rashasha haikuhitaji kimo, ilihitaji watu waliokusanyika pahali pamoja, na ngome ilikuwa imewakusanya.

Mitambo nayo ina udhaifu huohuo. Kila kitu kimewekwa kileleni, basi radi moja yaweza kunyamazisha kaunti nzima, na magharibi mwa Kenya radi si mgeni. Ndiyo maana chini ya kila mlingoti kuna nyaya nene za shaba zilizozikwa ardhini, ambazo, kwa bahati mbaya, wezi wa vyuma chakavu wanazijua kuliko wasikilizaji.

Ukienda kutembea, usivuke uzio wa mnara wowote, wala usipige picha kabla ya kumwomba mlinzi ruhusa. Handaki muulizie mzee wa Kitachoni. Ukishuka, muulize na wa Kibukusu. Mashujaa hawatakuwa walewale.