Je, Wajua? Huenda "Daktari" Wako ni Tabibu

Ukimwita "daktari" anayekupima kwenye zahanati ya kijijini Tanzania, huenda unazungumza na tabibu. Hakasiriki, keshazoea. Tabibu husomea stashahada ya miaka 3; daktari hukaa chuo kikuu miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Malaria, kuhara, nimonia isiyo kali: hayo tabibu huyatibu mwenyewe. Yakimzidi, huandika rufaa.

Kati yao yupo daktari msaidizi, yaani tabibu mzoefu aliyerudi darasani miaka 2 na kufundishwa hadi upasuaji. Usidharau hilo neno "msaidizi". Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa takribani asilimia 85 ya upasuaji mkubwa wa uzazi ulifanywa na kada hii, na matokeo yao hayakuwa na tofauti kubwa na ya madaktari.

Marekani nao walianzisha kada yao ya wasaidizi mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Duke, kwa wanafunzi 4 waliowahi kuhudumia wagonjwa katika jeshi la majini.

Tabibu akikupa rufaa, usiiweke mfukoni hadi wiki ijayo. Nenda siku hiyo hiyo.